Muulize Somo: Rafiki zangu wanataka nidanganye nyumbani twende tamasha la muziki mgumu Uganda

Somo, shikamoo.

Mie ni msichana wa miaka 23. Kwetu Wete, lakini kwa sasa nakaa Unguja kwa khalati, Mikunguni, na nauza vitambaa katika duka moja la Darajani. Majibu yako nayasoma siku zote na leo nakuja na langu.

Napenda muziki mgumu. Aliyenianzisha ni kaka yangu wa tumbo moja anayeishi Temeke. Alikuwa akinitumia singeli za Mburahati kwa WhatsApp, zile za kasi mpaka mtu anadhani simu imeharibika. Baadaye nikaanza kutafuta mwenyewe kwenye intaneti. Nikawakuta Duma, wale vijana wawili wa Nairobi waliokuwa wakichanganya makelele ya koo na mashine, nikafika hadi hadikoo, yaani muziki mgumu wa kasi (hardcore), ile ya Uholanzi na ile ya magita ya Marekani. Siku nikirudi dukani nimechoka, wateja wamenizungusha vitambaa vyote na hakuna aliyenunua, navaa spika za masikioni nasikiliza nusu saa na moyo unatua. Nikiwaeleza watu hivyo wananicheka. Wanasema kelele zile zinamtuliza nani? Wengine wananiambia si muziki wa mtoto wa kike, tena wa Kipemba.

Nina rafiki watatu tangu skuli. Niwaite R., S. na Z. Mwaka huu R. kaja na wazo kwamba twende Jinja, Uganda, kwenye tamasha la Nyege Nyege. Jina lenyewe unaliona, Somo. Siwezi kulitamka mbele ya mama. Nilipolisikia wazo hili nilifurahi sana kwa sababu kule ndiko wanakopiga hasa muziki ninaoupenda, usiku kucha, siku kadhaa mfululizo. Wenzangu hawaupendi muziki huo kama mimi. R. anataka picha na safari, Z. anamfuata R., na S. anasema yeye popote penye watu.

Kila wiki tunampa R. pesa, yeye ndiye mweka hazina. Hakuna karatasi. Na kila mmoja kaambiwa aseme kwao kwamba tunakwenda harusini Tanga. R. anasema mmoja akifungua mdomo, safari ya wote imeungua, kwa sababu mama zetu wanajuana. Mie mama yangu sijawahi kumdanganya jambo kubwa. Nikimfikiria yuko Wete ananiombea dua nifike Tanga salama, usingizi unaniruka.

Jengine ni hili. Sikukuu iliyopita tulikwenda kwenye kiwanja kimoja hapa mjini kulikopigwa singeli. Nilisimama mbele kabisa, karibu na spika, nikawa nacheza. Watu wakaanza kusukumana nyuma, mtu akanikanyaga baibui nikaanguka. Nilipiga kelele kuwaita wenzangu, walikuwa wameshatoka pembeni wanajipiga picha. Aliyeniinua ni kaka mmoja nisiyemjua. Masikio yalinipigia mluzi siku ya pili nzima, sauti za watu nazisikia kama wako ndani ya pipa. Nilipowaambia, S. alisema, "Muziki mgumu ndivyo ulivyo, shoga. Hutaki, kaa nyumbani usikilize taarab." Wakacheka, na mie nikacheka nao.

Somo, niende? Nimwambie mama? Nikimwambia nitawapoteza hawa rafiki, na sina wengine. Na je, ni kasoro kwa msichana kama mimi kupenda muziki wa namna hii?

Mwanao, Mikunguni

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile uliloliweka mwishoni mwa barua kana kwamba ni dogo. Ulianguka katika msukumano, ukawaita, hawakuwepo. Kisha wakacheka. La mama, la harusi ya Tanga na la pesa zilizoko kwa R. ni mambo yanayozungumzika, na nitayafikia. Hili la kuanguka ndilo linaloniambia kama safari hii ni ya kwenda.

S. kakwambia muziki mgumu ndivyo ulivyo. Hajui anachokisema, na nataka wewe ujue ili usicheke tena pamoja naye. Hadikoo ya magita ilianza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa vijana wadogo wa California na Washington. Uchezaji wao ni wa kugongana kwelikweli, bega kwa bega, na anayeutazama kwa mbali anadhani ni ugomvi. Lakini ndani ya kugongana kule kuna desturi ambayo kila anayeingia anafundishwa kabla ya jambo lolote: mtu akianguka, walio karibu wanasimama, wanamzungushia mikono asikanyagwe, wanamwinua, ndipo ngoma inaendelea. Hawamuulizi jina wala kaja na nani. Yule kaka aliyekushika mkono kiwanjani alifanya lile ambalo wenye muziki huo wangelifanya. Wenzako ndio waliokuwa wageni wa ule muziki.

Jambo jengine la vijana wale nakutajia kwa sababu najua mama atakuuliza kuhusu ulevi. Katika kumbi za Marekani mtoto asiyefikia umri wa kunywa pombe alikuwa akichorwa alama ya X mgongoni mwa kiganja, ili muuza baa asimuuzie. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kundi zima la wapenzi wa hadikoo likaichukua alama ile na kujichora wenyewe, watu wazima na akili zao, kuonesha kwamba hawanywi, hawavuti na hawatumii dawa yoyote. Hadi leo wapo, nchi nyingi. Kwa hiyo anayekwambia kwamba ukiupenda muziki huu lazima ufuate na vilivyomo ndani ya chupa, mjibu kwamba kuna watu wameupenda kuliko yeye, na chupa wameiacha.

Umeniuliza kama ni kasoro. Mwanangu, mimi nimekulia Ng'ambo, hapa hapa mjini Unguja, katika harusi za kidumbak. Vidumbaki viwili, sanduku linavuma, fidla inalia, na kadiri usiku ulivyokwenda ndivyo mwendo ulivyozidi kukazwa mpaka kina mama wanatoka jasho la kukamua. Wapo waliokuwa wakipita mbali na uwanja ule wakisema ni ngoma ya watu wasio na adabu, na kwamba muungwana anakaa kitini asikilize taarab. Waliokuwa wakicheza pale ndio waliotulea, wakatupeleka chuoni na skuli. Kupenda mdundo wa kasi hakujaanzia kwako. Singeli inakwenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Ile hadikoo ya Uholanzi iliyokomaa Rotterdam mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambayo Wazungu wenyewe wanaiita ngumu, kwa kawaida iko baina ya 160 na 200. Vijana wa Manzese na Mburahati, kwa kompyuta za kuungaunga, wameipita. Mkusanyiko wa nyimbo za studio ya Sisso ya Mburahati ulitolewa mwaka 2017 na watu hao hao wa Nyege Nyege, na tangu hapo singeli imekuwa ikipigwa Ulaya. Wewe unasikiliza kazi ya watu wako. Na kama moyo unatua, unatua. Mwenye moyo ni wewe.

Sasa tuje kwa mama.

Harusi ya Tanga haitasimama, na sababu ni harusi yenyewe. Mama wa Wete akisikia harusi hatasema tu "haya nendeni". Atauliza ya nani, mtoto wa nani, kwa upande wa mke au wa mume. Atakupa doti ya kanga umpelekee bibi harusi. Atataka picha za siku ya kupamba. Utajikuta umeshika kanga ya mama yako mkononi na huna wa kumpa. Na mama zenu wanajuana, R. kasema mwenyewe, basi watapigiana simu kuulizana mmevaa nini.

Lakini hata kama ingesimama, itazame safari. Mtavuka kwa boti hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo gari linapita Arusha, Namanga, Nairobi, linavuka Busia, na Jinja mnaifikia kabla ya Kampala, ambayo iko kiasi cha kilomita 80 mbele yake. Ni zaidi ya siku nzima barabarani na mipaka miwili. Ukipata homa kule, au simu na hati zikaibiwa, mtu wa kwanza utakayetaka kumpigia ni mama, na mama anajua uko Tanga. Utaanza na lipi, ugonjwa au uongo? Nimewahi kuona wasichana wakinyamaza na maumivu kwa sababu tu hawakutaka kueleza walikuwa wapi. Hilo ndilo ninaloliogopa kwako kuliko muziki wowote.

Usimwambie kwa simu. Panda boti uende Wete, kaa naye siku mbili, umsaidie kazi, na usiku baada ya isha mkiwa peke yenu mwambie. Anza na wewe mwenyewe kabla ya kutaja tamasha. Mwambie, "Mama, kuna muziki naupenda na nataka uujue kwa mdomo wangu kabla hujausikia kwa watu." Mchagulie wimbo mmoja umsikilizishe, sauti ndogo. Ataguna. Huenda akasema astaghfirullah. Mwache aseme. Kisha mweleze kuna tamasha Jinja, pale mto Nile unapotoka ziwa Viktoria, lilianza mwaka 2015, na watu wa nchi nyingi wanakwenda. Jina litamshtua, nalo usimfiche, maana atalipata kwa wengine. Mwambie waandaaji wanasema limetokana na Kiganda na kwao ni hamu ya kucheza inayompanda mtu. Mwambie pia kwamba mwaka 2022 Bunge la Uganda lilitaka kulizuia kwa hoja za maadili, na serikali ikaliruhusu kwa masharti. Mama akipewa habari mbaya pamoja na nzuri anajua mtoto wake hamuuzii maneno.

Atakuuliza kuhusu maharimu. Najua atauliza, na ana haki. Hapo ndipo nataka urudi kwenye barua yako mwenyewe. Umemtaja kaka yako wa tumbo moja mwanzoni kabisa, aliyekufundisha singeli, aliyeko Temeke, kisha hukumtaja tena. Huyo ni maharimu wako, anaupenda muziki ule kwa dhati, na safari inapita mlangoni kwake. Katika watu wote mliowafikiria, mbona hamkumfikiria yeye? R. hatamtaka, kwa sababu kaka akiwepo picha hazitapigwa zote. Lakini wewe ulitaka muziki. Kaka anayejua kwa nini unasimama mbele ya jukwaa ni mwenzi bora wa safari kuliko rafiki watatu wanaotaka kuonekana wamesimama hapo.

Kama mama akikataa? Una miaka 23, unajitafutia mwenyewe, siwezi kukuandikia kama mtoto wa darasa la sita. Ila nakushauri ulikubali katazo lake kwa mwaka huu, na umwambie wazi kwamba utaliuliza tena. Mama aliyeambiwa ukweli na akakataa anabaki na deni la kusikiliza mara ya pili. Aliyedanganywa hana deni na mtu.

Kuhusu rafiki zako, usimwendee mama kabla hujawaambia wao. Waite wote watatu, usimalize kwa R. peke yake, na useme, "Mimi kwetu nitasema kweli. Ya kwenu sitayataja, lakini mama zetu wanajuana, basi kila mtu ajipange." Wape wiki. Watakasirika. R. atasema umeharibu safari. Usijibizane naye. Umesema huna rafiki wengine, nami sitakudanganya kwamba hilo ni jepesi, upweke mjini mbali na kwenu ni mzito. Lakini pia sijaona katika barua yako mahali hata pamoja ambapo mmoja wao alikuuliza masikio yako yanaendeleaje.

Na masikio haya, mwanangu, nayataka uyachukulie kwa uzito kweli. Mluzi ule ni malalamiko ya vinyweleo vidogo vilivyomo ndani kabisa ya sikio, vinavyopokea sauti. Vikilala kwa uchovu huweza kuamka, vikifa havioti tena, na dawa ya kuviotesha haipo. Sauti ya desibeli 85 sikio linaihimili kiasi cha saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatika nusu. Zikifika 100, na mbele ya jukwaa hufika kwa urahisi, umebakiwa na robo saa. Tamasha ni la usiku kucha, tena siku kadhaa. Pamba haisaidii kitu. Nunua vizibo vya sponji vya masikio, famasi kubwa wanavyo. Kibiringishe kwa vidole mpaka kiwe chembamba, nyanyua sikio juu kwa mkono wa pili, kiingize, kishikilie mpaka kitanuke ndani. Mdundo utausikia vizuri tu, hata kifuani. Usisimame mbele ya spika, kila baada ya muda toka nje uyapumzishe masikio, na hizo spika za masikioni unazovaa ukitoka dukani zipunguze sauti. Ukisikia mluzi tena na ukazidi siku mbili, nenda kwa daktari wa masikio, usingoje uzoee. Ukiupenda muziki huu kama unavyosema, utautaka bado ukiwa na miaka 50.

Katika msongamano, ulichokivaa kina kazi kubwa. Baibui linaloburura chini ndilo lililokuangusha. Vaa nguo ya heshima inayoishia juu ya vifundo vya miguu, suruali pana ndani, viatu vya kufunga. Shungi lako liwe la kushonwa lisilotaka pini, maana watu wakibanana pini inaingia shingoni, na ncha za mtandio zikiachwa huru zinashikwa na kuvutwa. Ukihisi watu wanakubana, inua mikono mbele ya kifua kama mpigana ngumi, upate nafasi ya kupumua. Usipigane na wimbi la watu. Likisukuma nenda nalo, likitulia piga hatua za upande kwa upande kuelekea ukingoni. Simu ikianguka iache. Na mkiingia kokote na mtu, kubalianeni kabla mahali pa kukutana mkipoteana, tena pasiwe kwenye jukwaa.

Ya Jinja yenyewe nitayataja kwa upesi, kwa sababu naona hakuna katika nyinyi aliyeyafikiria. Pasipoti. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo Uganda wanaidai, na chanjo iwe imepigwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Ulizia kwa watu wa afya bandarini, na kadi yenyewe itakufaa maisha. Malaria pia. Hapa kwetu imepungua sana kwa miaka mingi, na ndio maana miili yetu haiijui tena, wakati kandokando ya ziwa lile iko kwa wingi. Muone daktari kabla ya kuondoka akupe dawa ya kinga, chukua chandarua, na ukirudi ukashikwa na homa kapime haraka na useme ulikuwa Uganda. Na watu watakuwa wanaoga mtoni. Usiingie, maji yale yana kichocho, na cha kule kinakaa tumboni.

Sasa uamuzi wangu. Jinja na hawa watatu, chini ya uongo, usiende. Hilo nalisema bila kusita. Jinja na kaka yako, mama akiwa anajua, nenda kwa furaha na ucheze mpaka uchoke.

Na kama bado unataka kujua rafiki zako ni watu wa aina gani, huna haja ya kuvuka mipaka miwili. Karibu kila Februari, tangu mwaka 2004, Ngome Kongwe huwa na tamasha la muziki la Sauti za Busara, na mchiriku na singeli zimeshapanda jukwaa lile. Kutoka pale hadi Mikunguni hata daladala zikiisha utafika. Ingieni pamoja, wewe na vizibo vyako masikioni. Waambie mapema, "Mwaka huu nikianguka nataka niwaone." Utazame nani anageuka kukutafuta wimbo ukiisha, na nani anakumbuka kukuuliza umefikaje nyumbani. Huenda mmoja akakushangaza. Z., anayemfuata R., huenda hajawahi kupewa nafasi ya kumfuata mtu mwengine.

Kuhusu pesa, mwandikie R. ujumbe wiki hii, kwa maandishi ili ubaki kwenye simu, na si kwa kumpigia: umempa kiasi gani, tarehe zipi, na unaomba akurudishie. Akijibu kwa hasira, usibishane, rudia kiasi tu. Akichelewa, nenda na khalati. Usichangie hata shilingi moja zaidi mpaka uzione hizo za mwanzo, na safari yoyote utakayofanya baadaye, nauli ya kurudi na pasipoti vikae mwilini mwako mwenyewe.

Kaka yako mpigie leo, kabla ya kupanda boti ya Wete.

Somo wako